Mtihani wa Kiingereza: Jitayarishe Kwanza, Lipa Mwisho

KIPINDI CHA ELIMU. MAONGEZI YA STUDIO.

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Ninyi mlioko Lobule kule Koboko, ninyi wa Rhino Camp kuanzia Ofua na Omugo hadi Ocea na Siripi, ninyi wa Imvepi, na ninyi mnaojitegemea mjini Arua, karibuni. Wanaosikiliza kwa kipaza sauti, sogeeni karibu. Na wewe unayesoma maongezi haya kwenye karatasi kwa sababu saa ya kipindi ulikuwa kwenye foleni ya posho, karibu pia, hujapitwa na kitu.

Leo tunaongea juu ya mtihani wa kupima Kiingereza. Majina yake mnayajua: IELTS, TOEFL, na ule wa Duolingo. Vijana wanaulizana habari zake kwenye bomba la maji. Wazazi wanauliza kama wauze mbuzi ili mtoto aufanye. Na wako watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema, "Nipe pesa, mimi nitakuandikisha."

Basi tulipange jambo hili vizuri, kwa sababu pesa yenyewe ni nyingi. Ada ya IELTS hufika dola 200 na zaidi. Ongeza basi la kwenda Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, ongeza kulala na kula. Tangu 2023 posho yetu inagawiwa kwa makundi, na kuna nyumba zisizopata kitu kabisa. Kwa nyumba kama hizo, ada hiyo ni chakula cha miezi. Tena ukifanya vibaya, hairudishwi. Ndiyo maana neno letu la leo ni hili: jitayarishe kwanza, lipa mwisho.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA KWANZA: UNATAKA KUFUNGUA MLANGO GANI?

Ndugu msikilizaji, cheti cha Kiingereza ni kama ufunguo. Kabla ya kununua ufunguo, uliza mlango wenyewe uko wapi.

Mlango wa kwanza uko hapa hapa Uganda. Muni University, chuo cha serikali, kiko hapa Arua. Mtu aliyesoma sekondari ya Uganda akapata UCE na UACE, mitihani hiyo aliifanya kwa Kiingereza, na vyuo vya hapa huanza kwa kutazama vyeti hivyo. Ufadhili wa DAFI, ambao ulianza 1992 kwa pesa ya serikali ya Ujerumani na husimamiwa na UNHCR, humsomesha mkimbizi katika nchi aliyokimbilia. Kama unalenga njia hiyo, soma tangazo neno kwa neno. Kama halijataja IELTS, usikimbilie kuilipia.

Kwa ninyi mliotoka Kongo na diplôme d'État mkononi, kazi yenu ya kwanza ni nyingine. Cheti kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu au taasisi inayokubalika, halafu kilinganishwe na vyeti vya Uganda. Anayelinganisha vyeti vya sekondari ni UNEB. Bila hicho, hata ukipata alama ya juu katika Kiingereza, chuo cha hapa bado kitakuuliza ulisoma hadi wapi.

Mlango wa pili ni chuo cha nje. Kanada, kwa mfano, shirika la WUSC limekuwa likipokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na wanafunzi wa vyuo vya kule huchanga pesa kuwasaidia wenzao. Vijana wengi kutoka Dadaab na Kakuma, kule Kenya, wamepita njia hiyo, na huko Kiingereza hupimwa. Hapa ndipo mtihani unapokuwa na kazi. Lakini tazama tangazo linataka mtihani gani, alama ngapi, na kama linalipia ada. Wafadhili wengine hulipa wenyewe ukishachujwa. Kwa nini ulipe leo kitu ambacho mwezi ujao ungelipiwa?

Mlango wa tatu, hapa nisikilizeni vizuri, mama na baba. Kupelekwa nchi ya tatu kupitia UNHCR hakupatikani kwa mtihani wa Kiingereza. Wanaangalia ulinzi na hatari inayomkabili mtu. Bibi asiyejua neno moja la Kiingereza anaweza kuchaguliwa, na mwalimu wa Kiingereza akabaki. Na huduma za UNHCR ni bure. Anayekuambia, "Lipa, fanya IELTS, faili lako litasogea," huyo ni mwizi. Mripoti kwenye dawati la ulinzi, kwa OPM, au kwa laini ya bure ya FRRM.

SEHEMU YA PILI: JINA LAKO NI LIPI KWENYE KARATASI?

Jambo hili ni dogo, lakini linaweza kukufungia mlango ukiwa umeshalipa. Siku ya mtihani hutazamwi uso tu. Kitambulisho chako hukaguliwa, na jina la kitambulisho lazima lifanane na jina ulilojiandikisha nalo.

Sasa, sisi wa Kongo tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Kwenye diplôme yamepangwa hivi, kwenye kadi ya mkimbizi yamepangwa vile, na siku ya kusajiliwa karani aliandika alivyosikia. Herufi R ikawa L. Jina moja likaachwa. Wenzetu wa Sudan Kusini nao mnajua jinsi jina la babu linavyohamahama.

Basi leo jioni toa karatasi zako zote, zipange juu ya mkeka, soma jina herufi kwa herufi. Kama hazifanani, anza kushughulikia marekebisho sasa, maana kazi hiyo huchukua muda. Pia, kabla ya kulipa, andikia kituo cha mtihani uulize: je, mnakubali kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na OPM, au mnataka hati ya kusafiria? Jibu lao litunze. Usikubali kuambiwa kwa mdomo na mtu wa katikati.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: KAZI NNE NA SAA MOJA UKUTANI

Tuuchukue mtihani wa IELTS, kwa sababu ndio unaoulizwa sana. Una kazi 4: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 9, na nusu zinahesabiwa. Hakuna kufaulu wala kuanguka kama shuleni. Kila chuo husema alama yake. Na kuna aina 2, Academic ya wanaokwenda chuo, na General Training ambayo mara nyingi ni ya kazi na uhamiaji. Ukijiandikisha kwenye aina isiyo yako, pesa imekwenda.

Kusikiliza ni kama dakika 30, maswali 40. Sauti inapigwa mara moja tu. Hakuna "rudia, mwalimu". Mara nyingi sauti ya mwanzo ni ya mtu anayetaja jina, namba ya simu, tarehe, saa. Hapa ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili na Kifaransa tunapotegwa. Tazama mitego 3.

Mtego wa kwanza ni saa. Mtu akisema "eight o'clock", kichwa chako kinasema saa mbili, na mkono unaandika 2. Zoea kuandika namba uliyoisikia, bila kuipitisha kwenye Kiswahili.

Mtego wa pili ni herufi. Kwa Kifaransa G inatamkwa karibu na "je" na J karibu na "ji". Kwa Kiingereza ni kinyume: G ni "ji", J ni "jei". Na herufi A husikika "ei", E husikika "i", I husikika "ai". Mtu akitaja jina lake herufi kwa herufi, wewe uliyesoma kwa Kifaransa utaandika mtu mwingine kabisa.

Mtego wa tatu ni namba. "Fifteen" ni 15, "fifty" ni 50, sikiliza mwisho wa neno. Na Mwingereza akisoma namba ya simu, 33 husema "double three".

Mitego hii huondoki nayo kwa kusoma kitabu. Kaeni wawili, mmoja ataje majina na namba za simu kwa Kiingereza, mwenzake aandike. Dakika 10 kila siku. Baada ya mwezi mtacheka.

Kusoma ni dakika 60, maswali tena 40, na maandishi ni marefu. Swali linalowaangusha wengi lina majibu 3: kweli, si kweli, na haikusemwa. Nitoe mfano. Maandishi yanasema, "Shule ilifunguliwa 2013 ikiwa na madarasa manne." Swali linasema, "Shule ilianza na madarasa sita." Hiyo si kweli, kwa sababu maandishi yanaikana. Swali jingine linasema, "Shule hii ni kubwa kuliko zote wilayani." Hiyo haikusemwa. Labda wewe unaijua shule hiyo na unajua ni kubwa. Haijalishi. Usijibu kwa unayoyajua, jibu kwa kilichoandikwa. Na usiache nafasi wazi, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama.

Kuandika ni dakika 60, kazi 2. Ya kwanza ni maneno 150 angalau. Ya pili ni maneno 250 angalau, na ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ipe dakika 40. Hesabu mwandiko wako: kama mstari wako unabeba maneno 10, basi 250 ni mistari 25. Ukijua hivyo, siku ya mtihani hutapoteza muda kuhesabu. Ukiandika pungufu, unakatwa. Ukimwaga insha uliyoikariri, anayesahihisha anaijua.

Kwenye Academic, kazi ya kwanza mara nyingi ni kueleza mchoro au jedwali. Mtasema tutapata wapi michoro? Nenda kituo cha afya. Mara nyingi ukutani kuna mchoro wa malaria, mwezi kwa mwezi. Simama pale na daftari, uandike kwa Kiingereza: mwezi gani ulipanda, lini ulishuka, tofauti ni kiasi gani. Usiandike kwa nini mbu waliongezeka, hujaulizwa hilo. Eleza unachokiona tu.

Kuongea ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja. Kwanza maswali mepesi juu yako. Halafu unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, na unaongea peke yako hadi dakika 2. Mwisho mnajadiliana. Lafudhi ya kwetu haikupunguzii alama, mradi unaeleweka. Usijilazimishe kuongea puani kama mtangazaji wa London. Lakini chunga hili: Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu, wa kike na wa kiume. Kwa Kiingereza ukianza na "my mother", endelea na "she". Ukisema "my mother, he told me", msikilizaji anapotea. Na ninyi wa Kifaransa, "actually" si "actuellement", na "library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu.

Alama zinavyojumlishwa ni hivi. Tuseme umepata kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuandika 5, kuongea 7. Jumla ni 25. Gawanya kwa 4, unapata 6.25, na hiyo hupandishwa kuwa 6.5. Inaonekana nzuri. Lakini kama chuo kinataka kila kazi isishuke chini ya 6, ile 5 ya kuandika inakuzuia. Kwa hiyo usikimbilie kazi unayoipenda. Tumia muda mwingi kwa ile unayoiogopa.

Neno juu ya mtihani wa Duolingo. Ada yake ni chini ya dola 100, unafanywa kama saa 1, na majibu hutoka ndani ya siku 2. Lakini si ile programu ya bure ya simu mnayoicheza. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta yenye kamera, ukiwa peke yako chumbani, mtandao usikatike, mtoto asiingie, wala mtu asikuite mlangoni. Sisi wenye nyumba za turubai na sola ya taa moja tujiulize chumba hicho kiko wapi. Labda ni ofisi ya shule siku ya Jumamosi, labda ni kituo cha vijana. Kitafute kwanza. Na kabla ya yote, uliza chuo chako kama kinaukubali.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA NNE: KUJITAYARISHA KAMBINI

Najua mnachosema. Intaneti hakuna, vitabu hakuna, mwalimu analima. Basi tutumie tulivyo navyo.

Undeni kikundi cha watu 5. Mmoja mwenye simu kubwa aende mjini Koboko au Arua, penye mtandao mzuri, apakue mazoezi ya bure kutoka tovuti ya IELTS yenyewe, ayaweke kwenye kadi ya memori. Kadi moja inatosha kikundi kizima. Mwenye simu ya kitochi ana redio ndani yake: sikiliza habari za Kiingereza, Radio Pacis ya hapa Arua huzitangaza, halafu ziandike kwa sentensi 3 bila kutazama popote.

Gazeti la jana linalofungia chapati, usilitupe. Soma aya moja, mweleze mwenzako kwa maneno yako. Tangazo la ofisi lililobandikwa ubaoni kwa Kiingereza, lisome lote, hata kama halikuhusu. Pale bombani, wakati jerikeni ziko kwenye mstari, chukua mada moja, mwenzako ashike saa, ongea dakika 2 bila kusimama. Watu watacheka siku mbili tatu. Wiki ya pili watakuja kujiunga.

Na dada zetu, najua maji, kuni na watoto vinakula siku nzima. Ndugu wa kiume, kama kweli mnataka dada yenu asome, bebeni jerikeni. Saa 1 tu jioni, kabla sola haijazima, inatosha kuanzia.

Fanyeni hivi kwa miezi 3. Wiki ya mwisho ya kila mwezi, fanyeni mtihani mzima kwa saa, kimya, bila simu. Sahihisheni kwa majibu yaliyokuja na mazoezi. Kuandika mpelekee mwalimu wa sekondari asome. Kama alama zako za majaribio zimefika mara 2 mfululizo zile zinazotakiwa, sasa ndiyo wakati wa kulipa. Kama bado, pesa ikae. Tena kumbuka cheti hiki huhesabiwa kwa miaka 2 tu, kwa hiyo ukikiwahi mno kitakufia mkononi.

Na kama utafanyia kwenye kompyuta, jifunze kuandika kwa vidole kabla ya siku hiyo. Pia ukifanyia kwenye karatasi, baada ya kusikiliza unapewa dakika 10 za kuhamisha majibu. Kwenye kompyuta huzipati dakika hizo 10.

SEHEMU YA TANO: MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Swali: Mtu ameniahidi cheti cha alama 7 bila kufanya mtihani. Nikubali?

Hapana. Chuo hakisomi karatasi uliyoshika tu, huhakikisha alama kwa waliotoa mtihani. Na siku ya mtihani wenyewe mtahiniwa hupigwa picha, kwa hiyo kumtuma mwingine akufanyie ni kujimaliza. Ukikamatwa na cheti cha uongo, si chuo hicho tu utakachokosa.

Swali: Mimi ni mzazi, sijui Kiingereza. Nitajuaje kama mtoto wangu ananiomba pesa ya kweli?

Mama, baba, mwombe vitu 3. Tangazo la chuo linalotaja mtihani huo. Karatasi za majaribio zenye alama. Na jibu la kituo kwamba kitambulisho chake kinakubalika. Mtoto aliyejitayarisha atakuonyesha bila kukasirika. Kama hana hata kimoja, mwambie, "Mwanangu, nenda kajitayarishe, mbuzi bado yuko."

Swali: Nina miaka zaidi ya 30, nimechelewa?

Mtihani wenyewe haukuzuii kwa kuwa mkubwa. Ufadhili ndio mara nyingi una mpaka wa umri. Uliza umri kwanza, kabla hujaanza kuhangaika na ada.

KUFUNGA

Ndugu wasikilizaji, tumalizie kwa kukumbushana. Moja, jua mlango unaotaka kufungua. Mbili, sawazisha majina kwenye karatasi zako. Tatu, zifahamu kazi 4, na ushinde ile unayoiogopa. Nne, kaa kwenye kikundi, tumia saa. Tano, lipa mwisho, tena lipa kituo chenyewe, si mtu wa njiani.

Na ukijitayarisha kwa miezi 3 halafu ufadhili usitoke, hujapoteza. Kiingereza hicho utaongea na daktari hospitalini, utasoma barua ya ofisi bila kumlipa mtu, utamsaidia mtoto wako anayeingia darasa la nne, ambako masomo huanza kufundishwa kwa Kiingereza. Hayo yote hayana ada.

Kazi ya wiki hii kwa vikundi vya wasikilizaji: ongeeni dakika 2 kila mmoja kwa Kiingereza, mada ni "mtu aliyenifundisha kitu". Mwenzako ahesabu ni mara ngapi umechanganya "he" na "she". Tuleteeni majibu kwa mhamasishaji wa zoni yenu.

Kaeni salama, na tuonane wiki ijayo saa hii hii.

(Muziki wa kufunga.)